Ngazi Hamsini na Nne

Mwanangu Shomari kanitafutia chumba cha chini
kule Tabata, kina marumaru, kina choo ndani.
"Mama, hizi ngazi za Upanga zitakuua."
Nikamjibu: baba, zilizotaka kuniua
ni zile siku ambazo sikuzipanda.

Miaka ishirini na saba nilisimama kiwandani Ubungo.
Mitambo ya kufuma inanguruma hadi kwenye meno,
mimi kati ya safu na safu, natembea,
naunga nyuzi zilizokatika.
Hakuna aliyeniambia yale ni mazoezi.
Tuliita kazi.
Nilipostaafu nikanunua kochi,
jekundu, la kuzama.
Nikazama.

Mwaka wa kwanza kochi lilichukua magoti.
Wa pili, usingizi.
Wa tatu presha ikapanda,
na mimi sijapanda popote.

Halafu ile alfajiri ya Ramadhani:
nimesujudu, siinuki.
Si kwa uchamungu. Kwa magoti.
Nimebaki paji la uso kwenye msala
kama mtu aliyedondosha sindano,
namsikia muuza kahawa barabarani akigonga vikombe,
anapita, anafifia, hajui.
Mjukuu wangu Nasra aliponishika kwapani
alisema tu, "Haya, bibi,"
kwa sauti ya kumwinua mtoto.
Sauti hiyo ndiyo iliyoniuma.

Kliniki, tabibu wa viungo, kijana Mbwilo,
hakunipa kidonge kipya. Aliuliza:
"Unakaa ghorofa ya ngapi?"
Ya tatu.
"Kuna lifti?"
Nikacheka. Lifti yetu ni kamba ya kupandishia ndoo.
Akaandika kwenye daftari langu,
chini ya dawa za presha
(ambazo sikuziacha, nisije nikakudanganya):
ngazi, polepole, kila siku.

Kumi na nane za kwanza hadi mlangoni kwa Mama Felista.
Wiki nzima niliishia hapo.
Nanusa sambusa zake, nashika ukuta,
moyo unagonga kama mwenye nyumba tarehe moja.
Anatoa kigoda, hasemi kitu.
Siku ya tisa kigoda akakisahau ndani,
nami nikasahau kukiomba.

Sikuwa shujaa. Mvua za masika nilijifungia siku nne,
nikasingizia utelezi.
Kochi likanipokea bila kuuliza nilikokuwa.

Jumamosi vijana wa jogingi
wanapita Barabara ya Umoja wa Mataifa,
fulana za njano, wanaimba hadi vioo vinatetemeka.
Mimi na Bi Kokugonza wa chini tunafuata nyuma,
kanga kiunoni, raba miguuni,
raba zangu za Nasra, zimelegea kidogo.
Hawatungoji. Hatuwaombi.
Tukifika kwenye kona ya duka la dawa tunageuka,
na Bi Kokugonza, mwenye miaka sabini na moja,
analipungia mkono lile duka
kama anayemwaga mchumba.

Sasa nalala usiku mzima.
Nakata kucha za miguu yangu mwenyewe.
Nachuchumaa, nainuka,
na ukuta wa chumbani nimeuachia rangi yake.
Ndiyo faida ninazozijua;
nyingine muulize Mbwilo.
Wahenga walisema vyaelea vimeundwa.
Ukiona bibi anapanda, naye kaundwa,
ngazi baada ya ngazi.

Jana Shomari alikuja kuchukua kochi.
Nimempa. Alipeleke Tabata, kwenye marumaru.
Yeye kashika mbele, mimi nyuma,
ghorofa ya tatu, ya pili,
shati limemganda mgongoni, kitambi kinatangulia.
Mlangoni kwa Mama Felista akalitua,
akalikalia palepale kwenye korido,
miaka arobaini na mitatu,
akihema, mkono juu: "Mama, subiri."

Mama Felista akachungulia,
akaniangalia, akaingia kuleta kigoda.

Pumzika, baba, nikamwambia.
Zimebaki kumi na nane tu.
Na mimi nilianzia hapo hapo.